Sheila Sherlock: mama aliyefundisha waganga wa dunia kutibu ini

Tarehe 30 Desemba 2001, mjini London, alifariki mama mmoja mwenye miaka 83. Jina lake halisikiki sana katika mitaa ya Bukavu, Goma ao Bunia. Lakini muganga aliyesomea magonjwa ya tumbo na ini analijua. Amelikuta kwenye jalada la kitabu, ao amefundishwa na mtu aliyefundishwa na mama huyo, ao na mwanafunzi wa mwanafunzi wake.

Anaitwa Sheila Sherlock. Kuna magonjwa aliyosaidia kuyaelewa, kuna dawa alizosaidia kupima, kuna kitabu alichoandika. Yote hayo ni makubwa. Lakini kazi yake iliyozaa matunda mengi kuliko zote ni watu. Alichukua waganga waliokwisha kumaliza masomo, akawafundisha vitu viwili kwa wakati mmoja: kutunza mgonjwa wa ini, na kuuliza swali ambalo hakuna aliyejua jibu lake. Kabla yake, ini lilikuwa kipande tu cha kazi ya muganga wa kawaida. Baada yake, likawa somo kamili lenye waganga wake.

Milango iliyofungwa

Sheila alizaliwa Dublin, Ireland, tarehe 31 Machi 1918. Baba yake alikuwa mwanajeshi. Familia ilihamia Uingereza, na binti akakulia Folkestone, mji wa pwani katika jimbo la Kent. Huko alisoma shule ya wasichana, na alipomaliza alitaka kusomea udaktari.

Wakati ule hilo halikuwa jambo rahisi kwa msichana. Vyuo vingi vya udaktari vya Uingereza havikupenda kupokea wanawake. Vingine viliwakataa kabisa, vingine viliwachukua wachache sana. Sheila aliandika barua huku na huku, akakataliwa mara kadhaa. Mwishowe Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko Scotland, kikamfungulia mlango mwaka 1936.

Mwaka 1941 akamaliza akiwa wa kwanza wa darasa lake lote, wanaume kwa wanawake, akapata tuzo ya Ettles ambayo hupewa anayeongoza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyewahi kuipata kabla yake.

Mtu angefikiri kwamba baada ya hapo kila hospitali itamtaka. Hapana. Wa kwanza wa darasa alikosa nafasi ya kazi hospitalini, kwa sababu ni mwanamke. Aliyemwokoa ni profesa wa upasuaji, James Learmonth, aliyemchukua kuwa msaidizi wake. Kwake Sheila alijifunza kitu ambacho hakikuwa katika mitihani: namna ya kufanya utafiti, na namna ya kuandika matokeo kwa maneno ambayo mwingine anaweza kuyasoma na kuyapima. Jambo hilo hakulisahau. Mtu mmoja alikuwa amempa nafasi na kumfundisha kazi. Naye, maisha yake yote, alifanya vile kwa wengine.

Sindano kati ya mbavu

Mwaka 1942 Sheila alifika Hospitali ya Hammersmith, London, penye shule ya waganga waliokwisha kumaliza chuo. Mkubwa wake alikuwa John McMichael. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vinaendelea, na jeshi lilikuwa na shida kubwa: umanjano. Askari walikuwa wanalala kwa maelfu, macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai, nguvu zimekwisha.

Umanjano huo ulikuja kwa njia mbalimbali. Kuna uliotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine katika kambi. Kuna uliowapata watu waliochomwa sindano za aseniki, dawa ya kaswende ya wakati ule. Na kuna uliofuata chanjo zilizotengenezwa kwa maji ya damu ya watu. Mwaka 1942 askari wa Marekani kwa makumi ya maelfu waliugua hivyo baada ya kuchanjwa dhidi ya homa ya manjano. Waganga wengine walifikiri aseniki yenyewe ndiyo inachoma ini. Baadaye ilieleweka kwamba mwenye kosa mkubwa alikuwa bomba la sindano, lililotumiwa kwa mtu mmoja kisha kwa mwingine bila kusafishwa vizuri. Lilikuwa linabeba virusi.

Lakini kujua kinachotokea ndani ya ini la mtu aliye hai kulikuwa kugumu. Eko haikuwepo. Vipimo vya damu vilikuwa vichache. Kwa kawaida ini lilionekana mtu akishakufa, na ini huoza haraka, kwa hiyo hata hapo halikusema mengi. Waganga wa Copenhagen, Iversen na Roholm, walikuwa wameonyesha mwaka 1939 njia nyingine: kupitisha sindano kati ya mbavu upande wa kuume na kuvuta kipande chembamba cha ini, kama uzi. Kipande hicho kinakatwa vyembamba zaidi, kinatiwa rangi, kinaangaliwa kwa darubini.

McMichael, Sheila na mpasuaji wa maiti Dible waliifanya kazi hiyo kwa wagonjwa wa umanjano, na mwaka 1943 wakatoa matokeo. Waliona kwamba umanjano wa kambini, ule wa aseniki na ule wa maji ya damu unaharibu ini kwa namna ileile. Sheila alikuwa na miaka 25. Mwaka 1945 aliandika juu ya ufundi wenyewe wa sindano hiyo, na kazi yake ya udaktari wa juu kule Edinburgh, juu ya jambo hilohilo, ikapewa medali ya zahabu.

Hatari ilikuwepo. Ini limejaa damu. Sindano ikipasua vibaya, mgonjwa anaweza kutoka damu ndani kwa ndani bila mtu kuona kitu nje. Ndiyo maana anayejifunza biopsi ya ini anafundishwa mambo mengi kabla ya kushika sindano: kupima kwanza kama damu inaganda vizuri, kumfundisha mgonjwa kutoa pumzi na kuizuia, kuchagua nafasi sawasawa, na baadaye kubaki naye saa nyingi, kuhesabu mapigo ya moyo na kupima presha. Mwaka 1958 muganga wa Italia, Menghini, alileta sindano mpya inayokaa ndani ya ini kwa nukta moja tu, na hatari ikapungua. Lakini somo lilibaki lile: mkono unaochoma ni lazima uwe pia mkono unaokesha na mgonjwa.

Kutoka Hammersmith mpaka Royal Free

Mwaka 1947 Sheila alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Yale, kwa msaada wa masomo wa Rockefeller. Huko alisoma namna mwili unavyotumia sukari na kazi ya ini katika jambo hilo. Mwaka 1948 akarudi Hammersmith akiwa mwalimu na muganga mkubwa. Mwaka 1951, akiwa na miaka 33, akapokelewa kuwa mwanachama kamili wa chama kikuu cha waganga wa London. Hakuna mwanamke aliyefika hapo akiwa mdogo hivyo. Mwaka uleule, mwezi wa Desemba, akaolewa na muganga mwenzake, Geraint James. Walizaa mabinti wawili.

Mwaka 1954, pamoja na wenzake akiwemo kijana William Summerskill, alieleza vizuri jambo ambalo familia nyingi zimeliona nyumbani bila kulielewa. Mgonjwa wa siroze anaanza kulala mchana na kukesha usiku. Anasahau, anasema maneno yasiyo na mpango, mikono inatetemeka kama mabawa ya ndege. Wengine husema amerogwa, wengine husema ni wazimu. Sherlock na wenzake walionyesha kwamba damu kutoka matumbo, badala ya kupita katika ini na kusafishwa, inazunguka kando kwa mishipa mingine na kupeleka sumu mpaka ubongo. Sumu hizo zinatoka hasa kwa vyakula vya protini vinavyovunjwa na vijidudu vya tumboni. Na hapo tiba ikaonekana: kuangalia chakula, na kutumia antibiotiki za kupunguza vijidudu hivyo. Mtu aliyekuwa anaitwa mwenda wazimu angeweza kurudia akili zake.

Mwaka 1955 akatoa kitabu chake juu ya magonjwa ya ini na njia za nyongo. Alikiandika peke yake, na kwa miaka mingi aliendelea kukirekebisha peke yake, toleo baada ya toleo, mpaka alipomchukua James Dooley kuwa mwenzake. Ni kitabu kilichosomwa na waganga wa mabara yote, na kikatafsiriwa kwa lugha mbalimbali. Nguvu yake ni kwamba kimeandikwa na mtu mmoja aliyeona wagonjwa. Hakizunguki. Kinasema dalili, kinasema sababu, kinasema cha kufanya.

Kisha, mwaka 1959, akaitwa kuwa profesa wa tiba katika Royal Free, London. Hakuna mwanamke aliyekuwa profesa wa tiba Uingereza kabla yake. Na mahali penyewe palikuwa na historia: Royal Free ndiyo hospitali iliyokubali, karne ya 19, kuwafundisha wanafunzi wa shule ya udaktari ya wanawake ya London, shule iliyofunguliwa mwaka 1874 wakati hospitali nyingine zilikuwa zimefunga mlango. Msichana aliyekataliwa na vyuo akawa mkubwa wa idara katika nyumba ile iliyojengwa juu ya kukataliwa kwa wanawake.

Asistenti kati ya kitanda na laboratware

Waganga walianza kuja. Walitoka Ulaya, Amerika, Asia, Australia, Afrika. Hawakuwa wanafunzi wa kuanza. Walikuwa wamekwisha kumaliza udaktari, wengine wameshafanya kazi miaka kadhaa, na sasa walitaka kuwa waspesialiste. Katika hospitali zetu za Kongo mtu wa namna hiyo anaitwa asistenti. Yuko katikati: ni muganga kamili, lakini bado ana mwalimu juu yake.

Shida ya mafunzo ya namna hiyo inajulikana mpaka leo. Hospitali ikimtumia asistenti kwa kazi za kila siku tu, anakuwa mkono wa kusaidia. Anajua kufanya lakini hajui kuuliza. Akiwekwa katika laboratware tu, anakuwa mtu wa chupa na hesabu. Mgonjwa kwake anabaki namba. Sherlock hakukubali kutenganisha. Katika idara yake, wodi na laboratware vilikuwa nyumba moja. Asistenti alimpokea mgonjwa, akaandika historia yake, akafanya biopsi, kisha akafuata damu na kipande cha ini mpaka kwenye darubini. Akiona kitu asichoelewa, ndilo lilikuwa swali lake la utafiti.

Tena hakuwafundisha peke yake. Alifanya kazi kwa miaka mingi na Barbara Billing, mwanakemia, ambaye hakuwa muganga. Billing alikuwa kati ya watu waliogundua, miaka ya 1950, kwamba bilirubini, ile rangi ya manjano ya damu, iko ya namna mbili: ile ambayo bado haijapita katika ini, na ile ambayo ini limekwisha kuifunga na kitu kingine ili iweze kutoka kwa nyongo. Leo katika kituo cha afya chenye laboratware ndogo tu, mgonjwa wa umanjano anaweza kupewa karatasi iliyoandikwa bilirubini direkti na indirekti. Tofauti ile inamwambia muganga pa kutafuta: katika damu inayovunjika, katika ini lenyewe, ao katika njia ya nyongo iliyoziba. Asistenti wa Royal Free waliketi pamoja na mwanakemia huyo na kujifunza kwake.

Kazi nyingine ilifanywa na Deborah Doniach na wenzake, waliochunguza kinga ya mwili. Kulikuwa na ugonjwa unaopata hasa wanawake wa umri wa kati: mwili unawasha mchana na usiku, halafu umanjano unakuja polepole, mwisho siroze. Waganga wapasuaji walikuwa wanawafungua tumbo kutafuta jiwe ao kizuizi katika njia kubwa za nyongo, na hawakuti kitu. Mwaka 1965 kundi hilo lilionyesha kwamba damu ya wagonjwa hao ina alama yake, kinga inayopigana na sehemu za mwili wenyewe. Kipimo cha damu kikachukua nafasi ya kisu. Ni wangapi wameokolewa na upasuaji wa bure kwa sababu hiyo? Hakuna aliyewahesabu, lakini kipimo kile bado kinatumika.

Wote waliopita kwake wanamkumbuka kuwa mkali. Alipopita vitandani, asistenti alipaswa kumjua mgonjwa wake kwa kichwa: ameanza lini, amekunywa nini, ini limefika wapi chini ya mbavu, vipimo vya jana vinasema nini. Jibu la kubahatisha halikupita. Lakini aliyefanya kazi vizuri alijua kwamba mama huyo atamsimamia, atamsaidia kuandika matokeo, atamtafutia nafasi, na hatamsahau akirudi kwao.

Watu 49

Mfano mmoja unaonyesha vizuri uzito wa mafunzo hayo. Kulikuwa na hepatiti sugu ambayo haikutoka kwa pombe. Ini linachomwa na kinga ya mwili wenyewe, mwaka baada ya mwaka, mpaka linakuwa siroze. Wengi wa wagonjwa walikuwa wanawake vijana. Waganga wengine waliwapa prednisoloni, dawa inayotuliza kinga. Wengine walikataa, kwa sababu dawa hiyo ina mabaya yake: inavimbisha uso, inapandisha sukari, inadhoofisha mifupa, inafungulia mlango magonjwa mengine. Kila mmoja alikuwa na maoni yake. Hakuna aliyekuwa na ushahidi.

Gordon Cook, R. Mulligan na Sherlock walifanya jaribio. Walichukua wagonjwa 49. Wengine 22 walipewa prednisoloni, 27 hawakupewa. Kisha wakafuatwa kwa miaka.

Kwa asistenti aliyeshika kazi ya namna hiyo, si jambo la karatasi tu. Anaona mgonjwa wa upande wasiopewa dawa anazidi kuwa mbaya, na moyo unamwambia ampe. Lakini hajui bado kama dawa inaponya ao inaua. Akivunja mpango, hatajua yeye wala mwingine, na wagonjwa wengine watakaokuja watatibiwa kwa kubahatisha kama zamani.

Matokeo yalitoka mwaka 1971. Katika wale 22 waliopewa dawa, walikufa 3. Katika wale 27 wengine, walikufa 15. Hakukuwa tena na ubishi. Toka hapo, mgonjwa mwenye hepatiti ya namna ile anapewa dawa za kutuliza kinga, na wengi wanaishi miaka mingi. Wale 15 hawakurudi. Jibu walilolilipia ndilo linalotumika mpaka leo.

Swali la ruhusa

Kazi ya namna hiyo inaleta swali ambalo Uingereza yenyewe ililazimika kulijibu. Mwaka 1967 Maurice Pappworth, muganga aliyejulikana kwa kuwafundisha wenzake kufaulu mitihani ya juu, alitoa kitabu cha kushitaki. Alionyesha majaribio mengi yaliyofanywa kwa wagonjwa bila wao kuelezwa vizuri na bila kukubali kwa kujua. Hammersmith, mahali Sherlock alipoanzia, ilikuwa kati ya hospitali zilizotajwa sana. Waganga wakubwa walikasirika. Pappworth aliwekwa pembeni na wenzake kwa miaka mingi.

Lakini jambo alilosema halikuweza kuzikwa. Mwaka uleule wa 1967 chama kikuu cha waganga wa London kilitoa shauri kwamba kila hospitali inayofanya utafiti iwe na kamati ya kuangalia majaribio kabla hayajaanza. Leo asistenti anayetaka kufanya utafiti, iwe London, iwe Kinshasa, anaanza na karatasi mbili: ya kamati ya maadili, na ya mgonjwa kukubali, iliyoelezwa kwa lugha anayoisikia.

Kizazi cha Sherlock kilifungua njia ya kuuliza maswali kwa mwili wa mgonjwa aliye hai. Kizazi kilichofuata kikajifunza kwamba mwenye mwili ndiye anayetoa ruhusa. Mafunzo ya spesialiste yasipokuwa na yote mawili, yana upungufu.

Kutoka London mpaka Kampala

Wanafunzi hawakubaki London. William Summerskill, yule wa kazi ya ubongo na ini, alihamia Marekani, kwenye Mayo Clinic, akaanzisha huko utafiti mkubwa wa magonjwa ya tumbo. Roger Williams, aliyefanya kazi na Sherlock katika Royal Free, alikwenda Hospitali ya King's, London, mwaka 1966, akajenga kituo kingine cha ini. Miaka miwili baadaye, pamoja na mpasuaji Roy Calne wa Cambridge, alianza kazi ya kupandikiza ini Uingereza. Mwalimu na mwanafunzi wakawa wakubwa wa vituo viwili katika mji mmoja, wakishindana, na wagonjwa wakafaidika.

Gordon Cook, yule wa jaribio la watu 49, alifika karibu na mipaka yetu kabisa. Katika miaka ya 1960 alifanya kazi Makerere, Kampala. Huko, mwaka 1966, pamoja na mwenzake Kajubi, alitoa utafiti unaoeleza jambo ambalo watu wa maziwa makuu wanaliona kila siku: kwa nini mtu mzima mmoja anakunywa maziwa mabichi bila shida, na mwingine tumbo linajaa gesi na kuharisha. Walikuta kwamba katika jamii za wafugaji wengi bado wana kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa hata wakiwa wakubwa. Katika jamii za wakulima wa ndizi, wengi wamekipoteza toka utoto. Hiyo si uvivu wa tumbo wala uchafu wa maziwa, ni tofauti ya mwili. Baadaye Cook alifundisha pia Zambia.

Ndivyo mafunzo yanavyosafiri. Tabia ya kumtazama mgonjwa na kuuliza kwa nini ilitoka kwenye wodi ya London, ikafika Kampala, ikajibu swali la chakula cha watu wa huku. Asistenti anayerudi na vyeti tu analeta karatasi. Anayerudi na tabia hiyo analeta dawa.

Chama, viti na miaka ya mwisho

Sherlock alijua kwamba kazi ya watu waliotawanyika inahitaji mahali pa kukutana. Mwaka 1958, pamoja na Hans Popper, mwanasayansi aliyetoka Austria akakimbilia Marekani, alikuwa kati ya waanzilishi wa chama cha kimataifa cha kuchunguza ini. Katika miaka ya 1970 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha Uingereza cha magonjwa ya tumbo. Mwaka 1978 malkia akampa cheo cha heshima cha Dame.

Mwaka 1983 akastaafu uprofesa, lakini hakuacha kazi. Aliendelea kuona wagonjwa, kuandika, kusafiri na kufundisha. Mwaka 2001 Royal Society, chama kikubwa cha wanasayansi wa Uingereza, kikampokea. Alikuwa tayari mgonjwa, mapafu yake yamekakamaa. Mwezi wa Desemba yeye na mume wake walitimiza miaka 50 ya ndoa. Wiki mbili baadaye, akafariki.

Kinachobaki kwa huku

Magonjwa aliyopigana nayo hayajakwisha. Katika Kongo, hepatiti B bado inapita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, na kwa damu, na kwa sindano na nyembe zinazotumiwa na watu wengi. Mtu anaweza kuibeba miaka 20 ao 30 bila kusikia kitu, kisha siroze ao kansa ya ini ikamkuta akiwa bado na nguvu za kulisha familia. Wengine wanafika hospitali tumbo limejaa maji, baada ya kuzunguka kwa miti shamba na maombi.

Lakini silaha zipo. Chanjo ya hepatiti B iko ndani ya ile sindano ya pentavalenti ambayo mtoto anapata akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ni bure katika vituo vya afya. Sindano mpya kwa kila mtu, damu inayopimwa kabla ya kumwekea mgonjwa: haya nayo ni matunda ya somo lililoanza na askari wa mwaka 1942. Na mzee anayesinzia mchana, anayechanganya maneno, mwenye tumbo kubwa, hapaswi kufungiwa chumbani kama mwenda wazimu. Apelekwe hospitali upesi.

Tena wanahitajika watu. Mashine ya eko inaweza kununuliwa kwa siku moja. Spesialiste wa ini anachukua miaka mingi, na anahitaji mwalimu anayepita naye vitandani, anayemwuliza, anayemkatalia jibu la kubahatisha, kisha anayemfungulia mlango. James Learmonth alimfanyia hivyo msichana mmoja mwaka 1941, wakati hakuna hospitali iliyomtaka. Msichana yule akawafanyia hivyo waganga wa dunia nzima kwa miaka zaidi ya 40.